Halmashauri Ikipitisha Mradi wa Nyumba Kijijini, Imepitisha Nini Hasa?

Habari za namna hii hazikauki: baraza la madiwani la wilaya fulani limepitisha mradi mdogo wa makazi kijijini, nyumba thelathini au arobaini hivi, mahali palipokuwa shamba la mihogo. Habari yenyewe haizidi aya mbili, lakini maneno yanayofuata hayaishi. Dalali anawaambia wateja wake, "Imeshapita, kilichobaki ni hati tu." Mwenye shamba la jirani anajiuliza kama na yeye ataambiwa apishe. Kina mama wa kitongoji wanaamini kwamba sasa bomba la maji litafika. Na penye kahawa hakosi mtu wa kusema kwamba madiwani wamekula.

Huyo wa mwisho siwezi kumsemea. Watatu wa mwanzo wamekosea, na kosa lao ni moja: wanadhani "kupitishwa" ni tendo la mara moja, la mtu mmoja, linalomaliza kila kitu. Kwa sheria za Tanzania, mradi kama huo unahitaji "ndiyo" kadhaa kutoka kwa watu tofauti, na kila "ndiyo" inajibu swali lake. Ile ya baraza la madiwani ndiyo inayotangazwa kwa sauti kubwa, lakini si ya kwanza, si ya mwisho, na kwa maoni yangu wala si nzito kuliko zote.

Kwanza tuwajue wahusika. Mtu wa kijijini akisema "halmashauri", anaweza kuwa na maana mbili. Kuna halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25 waliochaguliwa na wanakijiji, chini ya mwenyekiti wa kijiji, huku mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa, akiwa katibu. Halafu kuna halmashauri ya wilaya: madiwani wa kata na wa viti maalumu, pamoja na wataalamu walio chini ya mkurugenzi mtendaji. Mkuu wa wilaya hayumo katika hizo mbili. Yeye ni mteule wa Rais, na hata kauli yake ikipigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara, hiyo si idhini ya mradi.

Juu ya halmashauri ya kijiji kuna chombo kinachosahaulika kwa urahisi: mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenye shamba anayeishi mjini na kuja siku za mavuno tu si mjumbe wa mkutano huo. Kijana aliyetimiza miaka 18 jana, asiye na hata jembe lake mwenyewe, ni mjumbe.

Na ardhi je? Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, ziliigawa katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji, na ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya hifadhi wala ya vijiji. Tunachoita "shamba langu" ni haki ya kuimiliki na kuitumia ardhi hiyo. Haki hiyo haichezewi hata kidogo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, kama ilivyo mali nyingine yoyote. Kwa hiyo jirani aliyejawa hofu apate jibu lake hapa hapa: baraza la madiwani kupitisha mchoro wa shamba la mwenzake hakumwondoi yeye kwenye lake. Ardhi yake ikihitajika, itabidi itwaliwe kwa utaratibu wake wenyewe, wenye uthamini na fidia. Mstari uliochorwa kwenye ramani ya mtu mwingine hautoshi.

Kijiji ndicho kinachoanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu migogoro mingi huzaliwa hapa na kuja kulipuka baada ya miaka, pale nyumba zinapokuwa zimefika linta.

Katika ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi. Msimamizi ni yule aliyeshikishwa mali ya wengine. Si mwenye mali. Ndiyo maana sheria inaikataza kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujaridhia. Muhuri wa mwenyekiti peke yake haugawi ardhi. Saini ya mtendaji peke yake haigawi ardhi. Hata wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji wakikaa ofisini na kukubaliana kwa kauli moja, bado hawajagawa ardhi.

Kuna tofauti kati ya ardhi ya kijiji kizima na shamba ambalo familia tayari inalimiliki kimila. Shamba la familia linaweza kuuzwa na wenyewe, lakini hapo pia halmashauri ya kijiji inatakiwa iridhie mauziano. Mnunuzi aliyeandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi wawili na balozi wa nyumba kumi ana karatasi, ndiyo, ila karatasi yenyewe ina tundu kubwa.

Sasa tuseme mradi unataka zaidi ya hapo. Mwendelezaji, awe kampuni, taasisi au halmashauri ya wilaya yenyewe, anataka eneo litoke kwenye ardhi ya kijiji na kuingia ardhi ya jumla, ili viwanja viweze kupewa hati za kawaida. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaeleza njia ya uhamisho huo, na ndani yake kuna kipengele ambacho natamani kingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa waziri, naye anapokea mapendekezo ya kijiji. Hekta 250 ni karibu ekari 618. Mradi mdogo wa nyumba hauufikii ukubwa huo hata kwa mbali. Maana yake ni kwamba mradi unavyozidi kuwa mdogo ndivyo sauti ya wanakijiji inavyozidi kuwa ya mwisho, kinyume kabisa na dhana ya wengi kwamba kijiji ni cha kuarifiwa tu wakubwa wakishaamua. Tena uhamisho haukamiliki mpaka aina ya fidia, kiasi chake na namna ya kuilipa vikubaliwe.

Kinachofanyika kweli ni nini? Mkutano mkuu wa kawaida hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mara nyingi haufanyiki, au unafanyika watu wachache wakiwa wamekaa chini ya mwembe, na ajenda ya ardhi inachomekwa kwenye "mengineyo" jua likielekea kuzama. Kisha muhtasari unaandikwa vizuri, orodha ya mahudhurio inaambatishwa, na faili linapanda wilayani. Kule wilayani wanaona karatasi tu, na karatasi zimekamilika. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua kama mradi umesimama imara asiende kwanza kwa diwani. Aanze na muhtasari wa mkutano mkuu: ulifanyika lini, ajenda ilitangazwa mapema, waliohudhuria ni wangapi, majina yao ni ya wakazi kweli, na kilichokubaliwa ni ekari ngapi. Hilo la ekari lina maana yake. Kijiji kinakubali ekari tano, na ukifika kwenye mchoro unakuta nane.

Madiwani wanapitisha mchoro

Watu wa ardhi hupenda kusema KKK: kupanga, kupima, kumilikisha. Ndio mpangilio wenyewe, na karibu kila mkanganyiko wa mradi wa nyumba unatokana na mtu kuruka K moja.

Kupanga ni kuamua nini kitakaa wapi. Kijiji kinaweza kuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi, uliotengenezwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 na kupitishwa na mkutano mkuu. Mpango huo unasema huku makazi, kule kilimo, pale malisho, na msitu ule usiguswe. Mradi wa nyumba ukiangukia eneo la makazi, kazi ni nyepesi. Ukiangukia eneo la malisho, mpango wenyewe ubadilishwe kwanza, na mwenye mamlaka ya kuubadilisha ni mkutano ule ule ulioupitisha.

Eneo likitangazwa kuwa la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji, nayo ya 2007, linaingia mkono mwingine. Hii ndiyo hali ya vijiji vingi vilivyo karibu na miji, vile ambavyo mji unavifuata badala ya wao kuufuata mji. Hapo hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Afisa mipango miji, au kampuni ya wataalamu waliosajiliwa, anachora mchoro wa mipango miji, ule ambao mafundi na madalali huuita "TP". Katika halmashauri ya wilaya, mambo ya namna hii hujadiliwa kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira kabla ya kufika baraza la madiwani. Baraza likishakubali, mchoro unaendelea hadi kwa mamlaka ya mipango miji ya wizara yenye dhamana ya ardhi kwa idhini ya kitaalamu.

Kwa hiyo mchoro uliopitishwa na madiwani ni kama barua ya posa iliyojibiwa "tumekubali". Ni jambo kubwa, na familia zina haki ya kufurahi, ila mahari haijalipwa, ndoa haijafungwa, na anayekwenda kuchukua begi la binti siku hiyo hiyo atarudishwa mlangoni.

Madiwani wanaangalia nini? Hesabu ndogo itatusaidia. Tuseme shamba ni la ekari tano. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo tuna takriban mita za mraba 20,235. Ukilikata lote viwanja vya mita 20 kwa 20 unapata viwanja 50. Lakini nyumba 50 bila njia ni zizi. Zitengwe barabara, eneo la wazi, njia ya maji ya mvua na labda kiwanja cha zahanati au duka. Tuseme theluthi moja ya eneo imekwenda huko. Zimebaki mita za mraba 13,490, yaani viwanja 33. Tofauti ni viwanja 17. Mwendelezaji akiutazama mchoro huona hao wateja 17 aliowakosa. Afisa mipango miji yuko pale ili gari la zima moto lipite, mtoto apate pa kuchezea, na maji ya mvua yasiishie sebuleni kwa mtu. Malumbano mengi ya kamati, ukiyavua maneno, yanahusu viwanja 17 vya namna hiyo.

Ukiwepo mto, hesabu inabadilika tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bahari au bwawa. Shamba letu la ekari tano, kama ni la mraba, lina upande wa mita 142 hivi. Mto ukipita upande mmoja, ukanda wa mita 60 unameza zaidi ya ekari mbili kati ya tano. Ukiona mradi wa kando ya mto ambao mchoro wake umejaa viwanja hadi majini, usiulize bei. Uliza nani alipitisha.

Baraza linaweza pia kupitisha kwa masharti: ongeza upana wa barabara, sogeza eneo la wazi, leta cheti cha mazingira. Kwenye habari hilo hufupishwa kuwa "mradi wapitishwa". Kumbe uliopitishwa ni mradi wenye masharti manne, na sharti lisipotekelezwa idhini inabaki kwenye faili.

Na yapo ambayo madiwani hawayaamui kabisa. Hawapangi bei ya kiwanja. Hawamchagui mnunuzi. Hawathibitishi kwamba ndugu watatu wa marehemu wamekubaliana kuuza shamba la baba yao. Hilo la mwisho linawaumiza watu wengi, kwa sababu mnunuzi anajiambia, "Kama kungekuwa na mgogoro, halmashauri isingepitisha." Halmashauri ilipitisha mpangilio wa viwanja. Mirathi ya watu haikuwa mezani.

Mawe ya mipaka, na kinachosemwa juu yake

K ya pili ni kupima. Mpima ardhi anauhamisha mchoro kutoka karatasini hadi ardhini, anachimbia mawe, wengine huita bikoni, na kutengeneza ramani ya upimaji. Ramani hiyo nayo lazima iidhinishwe na mamlaka ya upimaji na ramani ya wizara, na hapo ndipo kila kipande kinapata namba ya kiwanja na kitalu kinachotambulika.

Maneno "viwanja vimepimwa" yanauza kuliko neno lolote katika biashara hii. Ila mtu yeyote mwenye mkokoteni anaweza kuleta mawe ya saruji na kuyachimbia. Jiwe halisemi kama ramani imeidhinishwa, halisemi hata kama ramani ipo. Kuna viwanja vyenye mawe mazuri yaliyopakwa chokaa, na ofisini hakuna kumbukumbu yake. Kuna vingine vilipimwa kabla mchoro haujaidhinishwa, mchoro ulipobadilishwa barabara ikahamia kwenye msingi wa mtu. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ni ipi? Akianza kueleza habari za mpima wake na vifaa vyake vya kisasa, umeshajibiwa.

Nitaje pia ujazo, maana unawachanganya hata waliosoma. Kiwanja cha "ujazo mdogo" ndicho kikubwa, na cha "ujazo mkubwa" ndicho kidogo. Kinachopimwa hapo ni wingi wa watu katika eneo, si ukubwa wa kiwanja chako.

Hati mbili, hadhi moja

Kumilikisha kuna njia mbili, kutegemea eneo limebaki ardhi ya kijiji au limehamia ardhi ya jumla. Likibaki ya kijiji, karatasi ni hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo kupitia kijiji chenyewe, na inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Likihamia ardhi ya jumla, karatasi ni hati miliki itolewayo chini ya Kamishna wa Ardhi, kwa miaka 33, 66 au 99, pamoja na kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Wengi huiona hati ya kimila kuwa ndogo, ya wakulima wasiojua mambo. Sheria inasema vingine: kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinatamka wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila namna na ile nyingine. Ni kweli kwamba mabenki mengi husita ukiwapelekea ya kimila kama dhamana ya mkopo. Huko kusita ni kwao, na kuna sababu za kibiashara, kama vile ugumu wa kupata mnunuzi wa nje mkopo ukishindikana. Haki yako haipungui kwa sababu meneja wa benki amekunja uso. Mwendelezaji anayewaambia wanakijiji kwamba "bila kuhamishia ardhi ya jumla hamna hati" anawaficha njia moja kati ya mbili.

Hati ya ardhi ya jumla nayo ina masharti. La kawaida ni kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Anayenunua viwanja vitatu ili "viote thamani" kwa miaka kumi huku nyasi zikimea yuko nje ya sharti, hata kama hakuna aliyewahi kumgongea mlango. Halafu, ukitaka kujenga, kuna kibali cha ujenzi kwa ajili ya jengo lako mahususi, chenye michoro yake na ada yake. Mradi kupitishwa na baraza hakumpi mnunuzi wa kiwanja namba 12 ruhusa ya kuchimba msingi.

Bomba la maji liko wapi?

Wale kina mama waliotarajia bomba wanastahili jibu la kweli, hata kama halifurahishi.

Mchoro ukionyesha barabara ya mita 12, maana yake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kujenga kwenye ukanda huo. Greda halijaahidiwa. Barabara za vijijini na mijini zisizo za mikoa wala kuu ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Umeme ni TANESCO, na miradi ya kusambaza umeme vijijini husimamiwa na REA. Kila mmoja ana bajeti yake, foleni yake ya vijiji vinavyosubiri na vigezo vyake. Baraza la madiwani linaweza kuwaandikia na kuwabembeleza, lakini kupitisha mchoro hakuwafungi.

Dar es Salaam ilishalipitia hili kwa kiwango kikubwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima viwanja pembezoni mwa jiji, maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Gezaulole. Kwa upangaji ulikuwa hatua ya maana. Ukipita leo unaona mitaa iliyonyooka. Lakini nyumba zilitangulia huduma, na walionunua mapema walikaa na visima na jenereta kwa muda kabla ya kuunganishwa. Shirika la Nyumba la Taifa nalo limelalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba linapojenga nyumba za gharama nafuu hulazimika kugharamia lenyewe njia za maji, umeme na barabara, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya nyumba. Ikiwa shirika la umma linabanwa hivyo, mwendelezaji mdogo wa ekari tano hatakuletea bomba kwa hisani. Atalipandisha kwenye bei, au atakuachia ulitafute mwenyewe.

Ndiyo maana kwenye mkataba wa kununua kiwanja, maneno "huduma zote za kijamii zipo jirani" yasikupite. Jirani ni umbali gani, na nani atalipia nguzo na mabomba ya kutoka huko hadi kwako?

Ukiwa hukubaliani

Imani nyingine iliyoota mizizi ni kwamba mradi ukishapitishwa na madiwani mlango umefungwa. Haujafungwa, ila ufunguo unategemea malalamiko yako ni ya nini.

Ikiwa tatizo ni mchoro, kwa mfano barabara imepita kwenye kisima cha kijiji au eneo la wazi limegeuzwa viwanja, hilo ni la mamlaka ya upangaji. Peleka pingamizi kwa maandishi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kadiri unavyowahi kabla ya ramani ya upimaji kuidhinishwa, ndivyo inavyokuwa rahisi kurekebisha. Mstari kwenye karatasi husogezwa kwa kalamu, ukuta husogezwa kwa nyundo na kesi.

Ikiwa tatizo ni kwamba kijiji hakikuridhia, ombi lako ni muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio, na pa kuanzia ni mkutano mkuu unaofuata, ambako jambo hilo linaweza kuulizwa mbele ya kila mtu. Viongozi wengi huona tabu kumjibu mtu mmoja ofisini, lakini huona tabu zaidi kuwajibu watu mia mbili chini ya mwembe.

Ikiwa tatizo ni umiliki, yaani shamba lililouzwa ni lako au la ukoo wenu, madiwani hawana la kukusaidia na usipoteze nauli. Kuna baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kuna baraza la kata. Zamani baraza la kata liliweza kutoa hukumu kwenye migogoro midogo ya ardhi, na wapo ambao bado wanakwenda huko wakitarajia kutoka na hukumu mkononi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo; sasa baraza la kata linapatanisha tu. Msipopatana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo rufaa ni Mahakama Kuu.

Kwa mnunuzi wa viwanja hivi vidogo, nakala ya mchoro iko katika idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri ya wilaya, na afisa wa pale anaweza kukuonyesha kama kiwanja unachouziwa ni kiwanja kweli au ni lile eneo la wazi lililochorwa kwa ajili ya watoto. Nenda nao wote wawili, dalali na namba ya kiwanja. Dalali akikataa kuongozana nawe, nenda na namba.